Siku Zenye Duara

Kama kuna neno ambalo hupaswi kumwambia Mama Séraphine, ni kwamba hana utaratibu. Mwambie amenenepa, atacheka. Mwambie ndakala wake, dagaa wa ziwani, wana mchanga, atakufukuza mezani pake na kesho atakuuzia kama kawaida. Lakini utaratibu ni jambo jingine. Mwanamke huyu alishuka Kalemie kutoka upande wa Fizi na mumewe Gaspard miaka kumi na minne iliyopita, wakiwa na wavu mmoja na sufuria mbili, na kila alichonacho leo amekipata kwa kupanga. Magunia yake ya chumvi yanasimama kwa mstari. Mahali pake pa kuanikia samaki pamefagiwa kabla jua halijapanda. Ukutani mwa nyumba yake, kule mtaani Kataki, kuna kalenda za kanisa za miaka minne, moja imepigiliwa juu ya nyingine, kila siku na alama yake. Mtu wa namna hii ndiye aliyepata ujumbe wa benki kwenye simu, siku moja ya Aprili, ukisema: ombi lako la mkopo limekataliwa, sababu, mapato yako hayana utaratibu.

Aliusoma mara tatu. Halafu akajifunga kitenge upya, akasimamisha pikipiki, akaenda benki kumtafuta Papa Anatole.

Papa Anatole alikuwa mtu wa mikopo katika benki hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa reli, na zamani kazi yake ilikuwa kupanda pikipiki yake nyekundu mpaka nyumbani kwa mwombaji, kukaa, kunywa maji, kutazama paa, kusalimia majirani kwa hila, kisha kuandika ndiyo au hapana kwa mkono wake mwenyewe. Tangu Januari kazi hiyo ilifanywa na mashine iliyotoka makao makuu, Kinshasa. Unairuhusu isome pesa zilizoingia na kutoka kwenye simu yako kwa miezi sita, nayo inakata shauri kwa dakika tatu. Anatole alibaki wa kuwaonyesha watu pa kubonyeza.

"Papa Anatole, nani amesema miye sina utaratibu?"

"Haiko miye, Mama. Njo masini." Yaani si yeye, bali ni ile mashine.

"Masini imeniona wapi?"

"Imeona simu yako."

"Basi simu yangu njo haina utaratibu. Miye niko nao."

Anatole aliinamisha kichwa ili asionekane anacheka. Akamweleza kwamba hana ruhusa ya kugeuza uamuzi, kwamba mashine haisemi zaidi ya sentensi ile moja, na kwamba anaweza kuomba tena baada ya siku thelathini. Séraphine alitoka bila kuaga, na yeye si mtu wa kutoka bila kuaga.

Kilichomuuma hakikuwa lile neno peke yake. Mtumbwi ulikuwa wao, nyavu zilikuwa zao, taa zilikuwa zao. Injini tu ndiyo ilikuwa ya Papa Josias, jirani yao wa nyumba ya tatu, na kwa injini hiyo Josias alikuwa amechukua theluthi ya samaki wa kila safari kwa miaka tisa, akiwa ameketi kitini. Sasa Josias alikuwa anahamia Kabalo kwa binti yake na alitaka kuiuza dola elfu moja na mia nne. Séraphine alikuwa na mia tano alizozikusanya senti kwa senti. Zilizobaki, mia tisa, ndizo alizoomba. Mfanyabiashara mmoja wa Moba alikuwa amekwisha kutuma neno kwamba atafika na meli ya tarehe kumi na tano Juni, pesa mkononi. Akiichukua, Gaspard na vijana wake saba watashika kasia, na kwa kasia huwezi kufika kule samaki waliko na kurudi wakingali wabichi.

"Miye nitakungoja mpaka ile meli ifike," Josias alimwambia. "Pale urafiki unaenda kulala kidogo, biashara inaamuka."

Jioni ile ile Séraphine alimpelekea shida yake Mama Consolate, mkuu wa likelemba yao. Likelemba ni chama cha wanawake kumi na wawili wa pwani ile, ambao kila wiki wanachanga na kumpa mmoja wao fungu zima. Consolate ana sauti inayoweza kuvuka mto Lukuga bila mtumbwi, na anaamini hakuna shida duniani isiyokuwa na mlango wa nyuma. Alichukua simu ya Séraphine, akapandisha na kushusha orodha ya pesa kwa kidole chenye magamba ya samaki.

"Angalia," alisema. "Hapa pesa, pesa, pesa. Hapa kimya siku tisa. Tena pesa. Tena kimya. Masini inaona kimya, inafikiri umekufa."

Wanawake walichungulia, wakaona kweli. Kila mwezi mmoja ulikuwa na shimo lake. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza shimo hilo limetoka wapi, kwa sababu kila mtoto wa pwani anajua. Ndakala huvuliwa kwa taa, gizani: taa inawashwa juu ya maji, samaki wanaifuata, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa, na taa ya mvuvi inakuwa kitu cha kuchekesha tu. Samaki hawaji. Kwa hiyo siku tisa au kumi mitumbwi inapumzika mchangani, wanaume wanashona nyavu, kwaya zinafanya mazoezi, na harusi zote za pwani zinafungwa siku hizo, maana ndipo bwana harusi yuko nchi kavu. Pesa hazipatikani ila zinatumika, na vizuri sana. Séraphine huziwekea siku hizo duara kwenye kalenda yake, ili ajue lini anunue chumvi na lini asinunue.

Ungedhani mmoja wao angesema, twendeni tukamweleze Papa Anatole. Hapana. Nani anakwenda benki kueleza kwamba usiku kuna giza? Waliona ni jambo la dunia nzima, na kwamba mashine inalijua kama wao, ila imeamua kuwaonea.

"Inapenda kelele," Consolate alikata shauri. "Tutaipatia kelele."

Hivyo ndivyo ilivyokuja kuwa kwamba siku za mbalamwezi za Mei, dola hamsini za likelemba zilianza safari kutoka simu hadi simu. Consolate alimtumia Séraphine. Séraphine alimtumia Chérie, muuza chumvi. Chérie alimtumia dada yake, dada akamrudishia Consolate, na Consolate akamtumia Séraphine tena, kana kwamba ni pesa mpya kutoka kwa mnunuzi mpya. Walikuwa wanabonyeza huku wanafanya mazoezi ya kwaya, wakisubiri zamu ya sauti ya pili. Siku tisa, mizunguko saba. Kila simu ilipokea hamsini ikakata kidogo chake cha kutuma, na mwishoni ile hamsini ilirudi nyumbani ni arobaini na moja, imekonda kama mtu aliyetoka kuugua homa.

"Ile tisa imeenda wapi?" Chérie aliuliza.

"Imeenda kulipa kelele," alisema Consolate, na wakacheka mpaka kiongozi wa kwaya akawafokea.

Tarehe kumi na saba Mei, Séraphine aliomba tena. Safari hii mashine haikuhitaji dakika tatu. Kwa dakika moja ilijibu: akaunti yako imesimamishwa kwa uchunguzi, fika ofisini.

Alikaa juu ya gunia la chumvi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujali kama gunia limekaa kwenye mstari. Hofu ilimshika kweli, hofu yenye aibu ndani yake. Zile mia tano zake zilikuwa humo humo kwenye akaunti. Gaspard, ambaye hana maneno mengi, alimletea maji, akamtazama akinywa, kisha akasema, "Akili mingi inaondoa maarifa." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na Séraphine alimchukia kwa muda wa kama nusu saa.

Asubuhi alikwenda benki. Njiani Consolate alikuwa amemfundisha la kusema: kwamba zile ni pesa za nyuzi za nyavu, wanawake wanakopeshana, biashara ya kawaida. Alilirudia moyoni mpaka mlangoni. Lakini Papa Anatole alimvutia kiti, akaweka mbele yake karatasi ndefu, na kwenye karatasi ile safari yote ya hamsini ilikuwa imechorwa kwa mishale, kutoka kwa Consolate mpaka kwa Consolate, mara saba. Ukiitazama, ilikuwa kama mchezo wa watoto wa kushikana mikono na kuzunguka. Séraphine aliitazama, akamtazama mzee huyu aliyekunywa maji nyumbani kwake mara ngapi sijui, na maneno ya Consolate yakamkataa mdomoni.

"Papa, ile haiko biashara," alisema. "Ile ni uongo. Tulizungusha pesa moja juu masini ione batu wananipa pesa. Tulitia pale kwenye mashimo. Unifungie akaunti kama unataka, lakini Mama Consolate na wale bengine usiwaguse. Njo miye niliomba."

Mabega ya Anatole yalianza kutikisika, halafu kiti, halafu miwani ikaanguka mezani. Alicheka mpaka mlinzi akachungulia. Alipopata pumzi aliuliza swali moja tu, na aliuliza kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi.

"Sasa, Mama, mashimo yenyewe yanatoka wapi?"

Séraphine alimkodolea macho. "Papa Anatole. Unakula ndakala?"

"Kila siku."

"Siku za mbalamwezi unaikula wapi?"

Anatole alijipiga kipaji cha uso kwa kiganja. Kwa miaka ishirini na miwili, pikipiki yake nyekundu ilipokwenda kuwatembelea wavuvi, ilikwenda siku za mbalamwezi tu, kwa sababu siku hizo ndipo unawakuta nyumbani wameamka. Alijua jambo hilo kuliko namba ya nyumba yake. Na mwaka uliopita, watu wa Kinshasa walipokaa naye wiki nzima kumuuliza mashine ifundishwe nini kuhusu watu wa Kalemie, aliwaambia habari za mishahara ya reli, za bandari, za walimu wanaocheleweshewa, za nyumba za mabati na za nyasi. Aliwaeleza yote. Mbalamwezi hakuitaja. Haikumpitia kichwani, kama vile huwezi kumwambia mgeni kwamba mlango una ndani na nje.

"Njo miye," alisema polepole. "Haiko masini. Njo miye sikuiambia."

Alivaa kofia yake ya pikipiki, iliyokuwa imekaa juu ya kabati tangu Januari ikipata vumbi. Mbele ya wafanyakazi wenzake wote alimpakia Séraphine nyuma, wakashuka barabara kubwa, wakavuka daraja la Lukuga, wakaenda Kataki. Mzee alikuwa anaendesha kama kijana anayekwenda kuposa. Alisimama mbele ya ule ukuta wa kalenda bila kuvua kofia.

Maduara yalikuwepo, ya miaka minne. Kila Januari Séraphine alihesabu siku kutoka mbalamwezi hadi mbalamwezi, akayachora ya mwaka mzima kwa penseli, na siku zilipotimia alipitisha kalamu nyekundu. Anatole alitoa ile orodha ya pesa, akaiweka kando ya kalenda, akapitisha kidole. Shimo la Disemba, duara la Disemba. Shimo la Januari, duara la Januari. Hakuna lililopishana hata kwa siku mbili. Alipiga picha kila ukurasa, akaketi kwenye kigoda, akaomba maji, akanywa yote, akaandika barua ya kwenda Kinshasa papo hapo kwa vidole viwili.

Siku tano hazikuwa na jibu. Siku ya sita simu ya Anatole ililia akiwa dukani kwa fundi, na aliyepiga alikuwa Chris, mmoja wa vijana walioitengeneza mashine. Chris alikuwa mzaliwa wa Likasi, kwa hiyo Kiswahili hakikumshinda, ila ziwa alikuwa hajaliona hata siku moja. Aliomba kuzungumza na mama mwenye kalenda, na Anatole akampelekea simu mezani pake, alikokuwa na Consolate.

"Mama, hizi duara ulizichora mbele, ao nyuma ya kukatala kwetu?"

"Mutoto yangu, za mwaka wa kwanza zilichorwa masini yako ikiwa haijazaliwa."

"Na ile hamsini iliyozunguka?"

"Ile ni uongo," alisema Séraphine. "Nimeisha kumwambia Papa Anatole. Uifute. Miye nataka unihesabie samaki yangu, haiko zile kelele."

Chris alicheka, kisha akasema jambo ambalo Séraphine aliliomba alirudie, ili Consolate naye alisikie. Alikuwa ametafuta wote waliokataliwa Kalemie kwa neno lile lile la utaratibu. Walikuwa thelathini na wanane. Thelathini na mmoja wao, Consolate na Chérie wakiwemo, walikuwa na mashimo siku zile zile, kwa pamoja, kama kwaya inayovuta pumzi. Mashine ilikuwa imeona watu thelathini na mmoja wasio na mpango, kumbe ilikuwa inatazama mpango mmoja mkubwa. Angeifundisha, aifungue akaunti ya Séraphine, na maombi ya wote thelathini na mmoja yapimwe upya. Lakini mabadiliko lazima yapite kwa wakubwa wake, na wakubwa wana mikutano yao.

"Mpaka lini?" aliuliza Séraphine. "Meli ya Moba inafika tarehe kumi na tano."

"Nitasukuma, Mama," Chris alisema. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Zikapita wiki mbili. Ikaanza ya tatu. Josias alikwisha kufunga masanduku yake. Mwezi ulikuwa unajaa tena, mitumbwi ikapandishwa mchangani, na tarehe kumi na moja Juni ilikuwa harusi ya Numbi, kijana mmoja wa mtumbwi wa Gaspard. Séraphine alisimamia jiko kwa sababu hakuna aliyethubutu kulisimamia yeye akiwepo. Alikuwa ameweka moyo wake pembeni ili asiharibu furaha ya watu. Alikuwa anasonga bukari kwenye sufuria la watu mia, mikono yote miwili kwenye mwiko, simu ilipotetemeka mfukoni mwa Gaspard. Alikuwa amempa aishike ili isianguke ndani ya chakula.

Gaspard aliisoma kwanza peke yake. Séraphine aliuona uso wake ukibadilika, akaacha kusonga, jambo ambalo bukari haisamehe.

"Wamekubali," alisema Gaspard. "Mia tisa. Yote."

Sijui ni nani aliyepiga kigelegele cha kwanza, ila najua cha pili kilikuwa cha Consolate, maana bibi harusi alitoka ndani mbio akidhani ni zamu yake. Halafu simu ya Chérie ikatetemeka. Halafu ya muuza nyuzi za nyavu. Watu waliacha sahani, wakaanza kupekua mikoba na mifuko ya makoti, na kila dakika mmoja alikuwa anainua mkono juu. Séraphine alilia hadharani, mwiko mkononi, bila kujificha na bila haraka. Papa Josias, ambaye alikuwa mgeni mwalikwa, alimaliza kipande chake cha nyama, akajifuta vidole, akasema kwamba Moba ni mbali sana na yeye tangu mwanzo hakumpenda sana yule muntu.

Gaspard peke yake alikuwa bado amekunja uso juu ya simu.

"Wamekosea," alisema. "Tarehe za kulipa. Mara saba, dola mia moja na arobaini, sawa. Julai tarehe ine. Agosti tarehe tatu. Septemba moja. Oktoba moja. Kisha Oktoba tena, tarehe makumi tatu. Wametupiga Oktoba mara mbili. Novemba makumi mbili na nane, Disemba makumi mbili na nane."

Furaha ilipungua sauti. Consolate alikuja, akahesabu kwa vidole, akasema hata yake Oktoba imeingia mara mbili, na kwamba alijua tu, masini ni masini. Papa Anatole, aliyekuwa amealikwa pia, alichukua simu, akavaa miwani, akatikisa kichwa. Katika miaka ishirini na miwili hajapata kuona benki inayodai mara mbili katika Oktoba moja. Alisema atapiga simu Kinshasa kesho asubuhi.

Séraphine alimkabidhi Chérie mwiko, akajifuta mikono kwa kitenge, akaingia nyumbani kwake, ambako ni hatua ishirini kutoka pale, na wao wote wakamfuata mpaka mlangoni. Alifunua kalenda. Alichukua kalamu.

"Soma tena," alimwambia Gaspard. "Polepole."

Gaspard alisoma, naye aliweka msalaba mdogo kila tarehe iliyotajwa. Julai nne: siku za giza zinamalizika, samaki wamekwisha kuuzwa, na duara la penseli linaanza kesho yake. Agosti tatu, vilevile. Septemba moja. Oktoba moja, kesho yake duara. Aligeuza macho chini ya ukurasa huo huo wa Oktoba, tarehe thelathini. Kando yake, tarehe thelathini na moja, duara lingine lilikuwa limekwisha kuanza, alilolichora yeye mwenyewe mwezi wa Januari.

"Haiko makosa, Papa Anatole," alisema. "Usimupigie mutoto simu. Njo vile sisi tunahesabu."

Anatole alisogea karibu na ukuta, akainama, akavua miwani. Séraphine aliendelea mpaka Disemba, akaweka msalaba wa saba, akarudi nyuma hatua moja ili aone ukuta wote. Misalaba saba, na hata mmoja haukugusa duara.